Chainizi pakiti moja, bustani mbili: huku laini, huku chungu. Na mbona mgagani, mlonge na mbegu za papai vina ukali ule ule?

#1 Mama_Matuta
Habari za humu wadau. Nina bustani mbili. Moja iko nyumbani Ihumwa, hapa Dodoma, namwagilia maji ya kisima. Nyingine ni kipande nilichokodi Hombolo, karibu na bwawa. Mwezi wa tisa nilinunua pakiti moja ya mbegu za chainizi nikaigawa nusu kwa nusu. Za Hombolo zimeisha zote gengeni. Za Ihumwa, wateja watatu wamezirudisha, wanasema chungu na zinakwaruza koo. Nimeonja jani bichi mwenyewe: mwanzo ni kama maji tu, ukitafuna mara nne tano ndipo ukali unaamka, na unapanda puani zaidi ya kukaa ulimini.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Kwenye kona ya bustani hiyo hiyo umejiotea mgagani. Nikalifikicha jani lake kiganjani, nikanusa: ukali ule ule! Nikakumbuka mbegu za papai ukizitafuna. Nikakumbuka na mzizi wa mlonge ambao marehemu bibi yangu kule Mpwapwa alikuwa anaukwangua, macho yanatoka machozi. Hivi vitu ni ndugu au ni pua yangu tu? Na uchungu wa Ihumwa umetoka wapi?

#2 Kijana_Area_D
Nimeshika kiti cha mbele, nasubiri wajuvi. Ila dada sema ukweli, hukupiga dawa jioni ukavuna asubuhi?

#3 Mama_Matuta
Sijapiga dawa hata tone. Ndiyo maana wadudu wamenitoboa majani kama chekeche.

#4 Mzee_wa_Pembejeo
Mama, huko Ihumwa uliweka mbolea gani ya kukuzia?

#5 Mama_Matuta
Shikamoo mzee. Ihumwa niliweka SA, vizibo viwili vya soda kwa mita moja ya tuta. Hombolo nilitumia samadi tu kwa sababu hela iliisha.

#6 Mzee_wa_Pembejeo
Marahaba. Basi jibu umeshalitaja. SA ni salfeti ya amonia. Watu wanaangalia naitrojeni yake asilimia 21 wanasahau kwamba ndani kuna salfa asilimia 24. Na mboga za jamii ya kabichi ni walafi wa salfa kuliko karibu mboga zote. Ukiipa nyingi inaigeuza kuwa ukali. Nimeuza mbolea miaka mingi, malalamiko ya namna hii huja msimu wa SA, hayaji msimu wa urea.

#7 Kisima_Kirefu
Mzee nakuheshimu ila hapo nakataa. Tatizo ni maji. Visima vingi vya huku kwetu vina chumvi, ukifulia sabuni haitoi povu. Mmea ukinywa chumvi unapata kiu hata kama ardhi imelowa, unadumaa, majani yanakuwa mazito na makali. Nimeona kwa sukuma wiki yangu Nzuguni. Nilipohamia maji ya bomba ikalainika.

#8 Mche_Mchanga
Habari wakuu. Nasoma kilimo cha bustani, ngoja nianze na swali la undugu kwa sababu mama amegusa kitu kikubwa sana.

Pua yako haijakosea. Kabichi, chainizi, sukuma wiki, figili na haradali ni familia moja. Mgagani ni wa familia jirani kabisa. Papai ana familia yake, mlonge una yake. Lakini zote hizo zimo kwenye oda moja, yaani ukoo mpana juu ya familia, na mali ya urithi ya ukoo huo ni kemikali zinazoitwa glukosinoleti. Zinajulikana aina zaidi ya 100, na kila moja ina salfa ndani yake.

Glukosinoleti yenyewe haina harufu wala haikupandi puani. Mmea unaiweka kwenye seli zake, na kimeng'enya (kichocheo cha kuivunja) kinachoitwa mirosinesi unakiweka kwenye seli nyingine. Jani likiwa zima haviguswi. Ukilitafuna, ukilifikicha au kiwavi akiling'ata, kuta zinapasuka, viwili hivyo vinakutana na hapo ndipo ukali unazaliwa. Ndiyo maana umesema "ukitafuna mara nne tano". Ulikuwa unaichanganya wewe mwenyewe mdomoni. Na kile kinachozaliwa kinaruka hewani upesi, kwa hiyo kinakufuata puani.

Anayejua muhogo mchungu atanielewa haraka. Sumu ya muhogo nayo inatengenezwa hivyo hivyo, muhogo ukikwaruzwa. Kemikali ni nyingine, ujanja ni mmoja.

#9 Binti_Kongwa
Mche_Mchanga umenifungua macho. Kumbe ndiyo maana kabichi nzima hainuki, ila ukimaliza kukatakata jikoni kote kunanuka!

#10 Mpwani_Mtaani
Mgagani mnaouita ninyi, kwetu pwani ni mwangani, na wazee walikuwa na jina lingine tamu zaidi: mkabilishemsi. Yaani unaokabili jua. Utazame asubuhi na jioni, majani yanageuka kulifuata jua. Wahenga hawakuwa na maabara lakini macho walikuwa nayo.

#11 Mswaki_Asilia
Ongezeni na mti wa mswaki kwenye orodha ya huo ukoo. Huku Bahi upo porini. Ukitafuna kijiti kibichi, kile kinachochoma ulimi ni ukali wa jamii ile ile.

#12 Mche_Mchanga
Sahihi kabisa #11, na asante kwa kukumbusha. Mswaki na mbegu ya papai vina glukosinoleti ya aina moja, zikipasuka zinatoa kitu kile kile. Mgagani una ya kwake, haradali na kabichi zina nyingine. Bunduki ni moja, risasi ni tofauti.

#13 Kijana_Area_D
Kwa hiyo nikitafuna mbegu za papai nimepiga mswaki? 😀

#14 Mswaki_Asilia
Kijana tulia, tunajifunza.

#15 Mama_Neema_Chamwino
Mimi naongea ya jikoni. Mgagani hata ungekuwa mchungu vipi, tunachemsha, maji ya kwanza tunamwaga, tunaweka karanga zilizotwangwa au maziwa, na ugali wa mtama pembeni. Uchungu unabaki kidogo tu, ule wa kumfanya mtu amege tonge la pili. Mgagani usio na uchungu hata wazee hawautaki.

#16 Nesi_wa_Zamu
Mama Neema, hayo maji unayomwaga yanaondoka na vitamini C na folati pia. Nawaambia hivi kina mama kliniki kila wiki. Chemsha kwa maji kidogo, muda mfupi.

#17 Mama_Neema_Chamwino
Mwanangu, nikiacha maji watoto hawali kabisa. Hiyo vitamini itaingia kwa mlango gani?

#18 Nesi_wa_Zamu
Hapo umenishika mama. Karanga na maziwa ziendelee.

#19 Kiwavi_Hunter
Nimesoma wote, hakuna aliyegusa wadudu wakati #3 amesema majani yametobolewa kama chekeche. Mmea wa jamii hii ukishambuliwa huongeza silaha, hata kwenye majani ambayo hayajaguswa bado. Ihumwa hukupiga dawa, wadudu wamekula wiki nzima, mmea umejibu. Za Hombolo zilikuwa na matundu?

#20 Mama_Matuta
Machache sana. Jirani yangu wa Hombolo ana nyanya pande zote na anapiga dawa kila mara, labda upepo ulinisaidia. Za Ihumwa zina matundu ya aina mbili. Madogo ya duara kama yamechomwa na sindano, na mengine si matundu kamili: upande wa chini wa jani umeliwa, juu kimebaki kingozi chembamba kama karatasi ya nailoni, ukiinua jani unaona mwanga unapita.

#21 Kiwavi_Hunter
Umeeleza vizuri kuliko mabwana shamba wengi. Hayo madogo ya duara ni kazi ya vibawakavu wadogo wanaorukaruka kama viroboto. Hicho kidirisha ni kiwavi wa nondo wa kabichi, yule mwenye alama kama almasi mgongoni akikunja mabawa. Mguse kiwavi mwenyewe: anajipinda kwa fujo kisha anajiachia na kuning'inia kwa uzi.

Huyu ni adui mwenye historia. Mwaka 1953 kule Java, Indonesia, iliripotiwa kwamba dawa ya DDT haimwui tena. Baadaye akawa mdudu wa kwanza wa mazao kuizoea shambani hata dawa ya bakteria ya Bt. Na huo ukali tunaousema anao ufumbuzi wake. Tumboni ana kimeng'enya kinachoondoa kipande cha salfeti kwenye glukosinoleti kabla mirosinesi haijaifikia, bomu linazimwa kabla ya kulipuka. Zaidi ya hapo, jike hutumia harufu hiyo hiyo kama ramani ya kutafuta pa kutagia. Silaha ya kufukuza wengine kwake ni kibao cha "karibu".

#22 Mzee_wa_Pembejeo
Sasa kama anaizima, mmea unaongeza ukali wa nini?

#23 Kiwavi_Hunter
Swali zuri mzee. Hayuko peke yake shambani, kuna panzi na viwavi wengine wengi wasioweza. Na yupo mwenye mbinu nyingine: kidukari wa kabichi, yule wa kijivu mwenye unga. Anafyonza glukosinoleti anazihifadhi mwilini, na mirosinesi anatengeneza yake mwenyewe. Akiliwa na mdudu mwingine, anamlipukia mdomoni. Bomu la haradali linalotembea.

#24 Binti_Kongwa
Na wale nyigu waliokuwa wanasemwa zamani kwamba watamaliza nondo wa kabichi, waliishia wapi?

#25 Kiwavi_Hunter
ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walimleta nyigu mdogo kutoka Taiwan, Diadegma semiclausum, wakaanza kumwachia Kenya mwaka 2002. Anataga ndani ya kiwavi. Amefanya kazi nzuri milimani penye baridi. Joto la Dodoma si rafiki yake, kwa hiyo sisi tusimhesabu sana. Kwa maeneo ya joto walimtumia nyigu mwingine kutoka Afrika Kusini.

#26 Ulimi_Mmoja
Kuna kitu mmekiruka. Mnajuaje kwamba mboga ni chungu, si ulimi? Wateja waliorudisha ni watatu, wangapi hawakurudisha?

Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox akiwa maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani alimwaga unga wa kemikali inayoitwa PTC ukatimka hewani. Mwenzake akalalamika uchungu mdomoni. Fox hakusikia chochote. Wakaonja wote wawili, bado mmoja uchungu, mmoja hakuna kitu. Baadaye, mwaka 2003, jeni yenyewe, yaani kipande cha urithi kinachohusika, ikapatikana, inaitwa TAS2R38. Inahusu kuuonja uchungu wa kemikali za kundi la PTC, na za mboga za jamii ya kabichi zimo. Kwa hiyo kwenye meza moja, sufuria moja, baba anafurahia na mtoto anatema, na hakuna anayedanganya.

#27 Mama_Matuta
Wallahi hii naiona nyumbani kwangu. Mama yangu mzazi anasema hata kabichi ni chungu. Mwanangu wa miaka tisa anakula mgagani mbichi akicheza. Lakini mkuu, walionirudishia Ihumwa ni wateja wale wale walionunua za Hombolo na wakazisifia.

#28 Ulimi_Mmoja
Basi hoja yangu imepungua nguvu, ila haijafa.

#29 Nesi_wa_Zamu
Kabla hatujasonga, kuna anayejua kuhusu uvimbe wa shingo? Kuna mgonjwa aliambiwa na jirani aache kabichi kabisa.

#30 Mche_Mchanga
Asili yake ni sungura. Mwaka 1928 Alan Chesney na wenzake, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walikuwa na sungura wa utafiti wa kaswende, wakawa wanawalisha kabichi kila siku. Sungura wakavimba tezi ya shingo. Baadhi ya vitu vinavyotoka kwenye glukosinoleti huizuia tezi kutumia madini joto. Lakini wale walikula kabichi karibu tupu, siku baada ya siku. Mtu anayekula fungu la mboga na ugali, chumvi yake ina madini joto, hayumo kwenye hali ile. Mwenye tezi tayari asikilize daktari wake, si jirani.

#31 Nesi_wa_Zamu
Asante. Hapo kwenye chumvi ndipo ninapopiga kelele kila siku. Nunueni yenye madini joto.

#32 Loshuu_wa_Arusha
Jamani hapa kuna mkanganyiko wa majina. Mnaposema chainizi mna maana ipi? Huku Arusha tuna loshuu, Dodoma wengine nimewasikia wakiiita figiri, na figili kwingine ni ile yenye mzizi mwekundu. Isije kuwa pakiti ilichanganywa mbegu za mimea miwili.

#33 Mche_Mchanga
Hoja nzito. Chainizi ya madukani mara nyingi ni Brassica rapa. Loshuu ni Brassica carinata, haradali ya Ethiopia, na hiyo kwa kawaida ni kali zaidi. Undugu wao una hesabu nzuri sana. Kabichi ina kromosomu (nyuzi za urithi) 18. Haradali nyeusi ina 16. Jumlisha unapata 34, ndiyo loshuu yenyewe: zamani sana mimea hiyo miwili ilipandana na mtoto akabeba urithi wote wa baba na mama. Chainizi yenye 20 ikipandana na haradali nyeusi unapata haradali ya kahawia, 36. Chainizi na kabichi zinatoa 38, ile inayokamuliwa mafuta ya kanola. Undugu huo ulichorwa kama pembetatu, wazazi watatu kwenye kona na watoto wao kwenye pande, mwaka 1935 na Mjapani anayeitwa U.

#34 Mpwani_Mtaani
Sahihisho dogo. Baba yake alikuwa Mkorea, mama Mjapani. Jina lake la Kikorea ni Woo Jang-choon, na mwaka 1950 alihamia Korea akawafanyia kazi kubwa ya mbegu za kabichi na figili. Wakorea wanamuenzi hadi leo.

#35 Mche_Mchanga
Nimesahihishika, shukrani.

#36 Alizeti_Singida
Hapo kwenye kanola: kwa nini sisi watu wa alizeti tusijaribu?

#37 Mzee_wa_Pembejeo
Alizeti inavumilia ukame wetu, mzizi wake unakwenda chini. Hiyo kanola Wakanada waliibuni kwa baridi yao. Tusiukimbie uzi.

#38 Kabichi_Haichanui
Mimi nina nadharia yangu. Mama, za Ihumwa zilikuwa zimeanza kurefuka katikati? Kabichi huku Dodoma unaweza kukaa nayo hadi uzeeke usione ua, kwa sababu inahitaji wiki nyingi za baridi kali ndipo ichanue. Ndiyo maana mbegu zake tunanunua kila msimu. Chainizi ni kinyume, ikipata joto na kiu inakimbilia kuchanua. Ikishaanza kunyanyua shina, majani yanakuwa magumu na machungu. Oktoba ya Dodoma inatosha kabisa kuifanya hivyo.

#39 Mama_Matuta
Mungu wangu. Ndiyo, kama robo yake zilikuwa na vichwa vya maua ya njano. Hombolo hazikuchanua kwa sababu nilizivuna wiki moja kabla.

#40 Ulimi_Mmoja
Hesabuni sasa: SA Ihumwa tu, maji ya kisima Ihumwa tu, wadudu Ihumwa tu, maua Ihumwa tu, na zimevunwa zikiwa zimekomaa zaidi. Vitu vitano vimebadilika pamoja. Kila mtu humu anaweza kuwa sahihi na hatuna la kumpinga nalo. Mama, una nafasi ya matuta manne?

#41 Mama_Matuta
Ninayo. Niambieni nifanyeje.

#42 Mgagani_C4
Wakati tunasubiri matuta, niweke la mgagani maana umeachwa kwenye kona kama gugu. Mahindi, mtama, uwele na hata mchicha vina njia ya kukamata hewa ya kaboni inayofaa joto na maji machache, wataalamu wanaiita C4. Kabichi haina. Mgagani, ndugu wa karibu wa kabichi, anayo! Kuna mmea mdogo wa familia ya kabichi unaitwa Arabidopsis, hauliwi, lakini ndio mmea wa kwanza duniani kusomwa urithi wake wote, mwaka 2000. Mwaka 2022 watafiti wa Florida walitangaza kwamba wameuotesha kwenye udongo halisi wa mwezini. Sasa kwa kuwa wanaujua Arabidopsis ndani nje, na mgagani ni jirani yake, watafiti kama Julian Hibberd wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wanavifananisha ili waelewe C4 inajengwaje, na ndoto ni kuipa mpunga. Mboga ya bibi wa Kigogo imo kwenye maabara za Cambridge, na sisi tunaing'oa na jembe.

#43 Mama_Neema_Chamwino
Mimi siing'oi. Naizungushia miba.

#44 Mama_Matuta
Wadau nimerudi. Ni wiki ya sita tangu nipande. Matuta yote Ihumwa, mbegu pakiti moja, nimevuna siku moja, hakuna lililochanua. Tuta A: kisima na SA. B: kisima, samadi tu. C: maji ya bomba ya madumu, na SA. D: kama A, ila nimelifunika chandarua chakavu tangu siku ya kwanza, nikakifukia pembeni na udongo.

Nilikata majani bila kuyapika, sahani nne, namba chini ya sahani. Walionja watu watano: mimi, mama, mwanangu, jirani, na dereva wa bodaboda aliyeleta madumu. Mimi, jirani na dereva tulisema A ndiyo kali zaidi. B laini kidogo. C mimi niliona sawa na A, dereva akaona nafuu. D ndiyo laini kuliko zote, jirani akaomba fungu. Mama alisema zote nne chungu, akasukuma sahani. Mwanangu alimaliza C na kuanza kulamba A.

#45 Mzee_wa_Pembejeo
A dhidi ya B: ni SA. Nimesema.

#46 Kiwavi_Hunter
Mzee, D nayo ina SA ile ile! Chandarua kimezuia wadudu, ukali umeshuka.

#47 Kabichi_Haichanui
Chandarua ni kivuli pia. Jua la Ihumwa limepungua, joto limepungua, jani limelainika. Huwezi kuwapa wadudu sifa yote.

#48 Kisima_Kirefu
Na dereva ameonja nafuu kwenye maji ya bomba. Msimpuuze dereva.

#49 Ulimi_Mmoja
Mama yetu mzazi naye asipuuzwe. Yeye ndiye mwenye ulimi mkali kuliko wote hapo, akipewa D na A zilizopikwa na karanga huenda akatupa jibu tusilolipata.

#50 Mama_Matuta
Nitazipika Jumapili. Na tuta jipya la E naliwekea kivuli cha majani ya mnazi niliyopewa na dereva, juu tu, pembeni wazi wadudu wapite wanavyotaka. Mama Neema, nakuomba mbegu za mgagani wako kiganja kimoja, nataka nizungushie mkondo wa maji machafu ya jikoni.

#51 Mama_Neema_Chamwino
Njoo na chupa yenye kifuniko. Ganda lake likikauka linapasuka lenyewe, ukichelewa utaziokota mchangani moja moja.